Mikono ya Ambakisye

Mwezi uliopita mjukuu wangu Neema aliniita Mbeya mjini nikamwone kitukuu. Alizaliwa mdomo umepasuka upande wa kushoto mpaka puani, na madaktari walikuwa wameshamshona. Nikaingia wodini, nikapokelewa kwa furaha, nikaletewa kiti. Halafu nikamwona mtoto. Mdomo sikuutazama, niliitazama mikono. Walikuwa wameivalisha mirija ya plastiki, wakaizungushia utepe wa kunata, asije akakunja kiwiko na kujikwangua nyuzi. Neema akanieleza vizuri kabisa, Bibi, ni ya siku chache tu, wala haimuumizi. Nikamwambia najua. Nikasingizia magoti, nikatoka nje mpaka kwenye bomba la maji, na ile harufu ya spiriti ikanifuata hadi pale, nikatapika chai yote ya asubuhi.

Neema alidhani ni presha. Nikamwacha adhani hivyo, maana habari yenyewe ni ndefu na yeye alikuwa na mtoto wa kunyonyesha. Lakini ninyi tuliozaliwa nanyi miaka ileile, tuliolelewa kwa fimbo tukaiita malezi, ninyi ninaweza kuwaeleza.

Sisi tulikuwa watu wa tumbaku. Baba yetu, Andambike, aliacha migomba ya kwao Rungwe akahamia Chunya, kwenye vumbi, kwa sababu alisema ardhi ya kwao imekwisha mikononi mwa kaka zake. Mama yetu aliitwa Subilaga. Walizaa watatu kabla ya huyu ninayewasimulia, nikabaki mimi peke yangu, Tumpe. Tulikuwa na bani moja la kukaushia, la matofali ya udongo, na msimu wa mavuno moto wake hauzimwi. Majani mabichi yanafungwa kwa uzi kwenye fito, yanapandishwa juu, yanakaa na ule moshi na joto mpaka yawe rangi ya asali. Yakishakauka, kufungua ni kazi ya watoto. Mkubwa hafungui uzi, mkubwa anafunga. Mtoto anavuta ncha mara moja, fundo linaachia, anauzungusha uzi kwenye vidole vinne vya mkono wa kushoto, anauchomoa, anaubana katikati kwa ncha yake yenyewe mpaka unakaa kama kipepeo. Hautupwi, ni wa msimu ujao. Nilipokuwa na miaka saba nilikuwa nafungua fito nzima mama akiwa bado anafunga kilemba.

Baba alikuwa anampiga mama. Hakuwa mlevi, nasema hivyo kwa kuwa watu hupenda kuisingizia pombe. Alikuwa anapiga akiwa mkavu kabisa, na alikuwa na utaratibu wake. Kwanza anamfunga mikono kwa kamba ya mkonge kwenye ndoano ya mlango wa bani, ndipo anakwenda kuchagua fimbo. Jirani yetu mmoja, Mzee Mwashambwa, aliwahi kumuuliza kwa nini amfunge mtu kama mbuzi. Baba akamjibu bila hasira kwamba mtu mwenye mikono huru anajikinga, unaweza kumvunja mfupa kwa bahati mbaya.

"Nikimfunga namhurumia," alisema.

Mzee Mwashambwa akafikiri, akakubali kwamba hilo nalo ni neno.

Kwa hiyo mimi sikuogopa fimbo. Fimbo ilikuwa ni mwisho wa jambo. Niliogopa kufunga. Nikiona mikono imefungwa, nilijua kinachofuata, na nilijua pia kwamba aliyefungwa hawezi kuuficha uso wake. Baada ya hapo baba anakwenda zake shambani, na mimi ndiye ninayekwenda kumfungua mama. Hakuna aliyenituma. Hiyo nayo ilikuwa kazi ya mtoto, kama tumbaku.

Mama akawa mjamzito, na mwaka ule njaa ilikuwa kali, tulikuwa na tumbaku bani zima na chakula debe moja. Rafiki yangu Tabu, binti wa Kisafwa tuliyekuwa tukichunga naye mbuzi, alinasa sungura kwenye mtego. Akanigawia paja. Sasa mimi nilikuwa nimesikia wanawake wakisema mjamzito asile sungura, mtoto atakuja na mdomo wa sungura. Nililiwaza jambo hilo njiani mpaka nikachoka. Nikaona kwamba kama ubaya uko mdomoni, basi ubaya uko kichwani, na hiki nilichonacho ni paja. Paja halina mdomo. Nikalipika kwa karanga, nikamwambia mama ni kanga wa porini, Tabu kanipa. Alikula akanyonya mpaka mfupa. Akanishukuru kwa lugha yetu, "Ndaga, mwanangu," akanishika shavu. Sikuwa nimemwona akitabasamu tangu mvua za kwanza.

Aliyezalisha ni shangazi Sekela, dada yake baba, ambaye alitembea tangu alfajiri kutoka kwa mumewe kuja kutusaidia. Nilikuwa nje ya mlango. Nilisikia mtoto akilia, halafu nikasikia shangazi amenyamaza, na Sekela hakuwa mtu wa kunyamaza. Akatoka na mtoto amemfunika gubigubi, akapita mbele yangu mpaka bani, akamfunulia kaka yake. Nilichungulia chini ya mkono wake. Mdomo wa juu ulikuwa umegawanyika mara mbili, na pua imelala upande, na humo ndani unaona wekundu mpaka juu.

"Mkeo kala sungura," shangazi alisema.

Baba akarudi kuchochea moto wa bani. Alisubiri siku tatu, maana mzazi haguswi siku tatu. Siku ya nne asubuhi akachukua kamba.

Haya ndiyo ninayoyaona kila ninapofumba macho. Mama amefungwa ndoanoni, maziwa yanachuruzika kwenye kanga yake yenyewe bila mtu kuyanyonya, na baba anamuuliza swali lilelile moja, sungura huyo alikupa nani, mwanamume gani alikuletea nyama nikiwa sipo. Mama anajibu hajala sungura. Fimbo. Anajibu tena hajala sungura. Na alikuwa anasema kweli kadiri alivyojua, ndiyo maana hakuweza kubadilisha jibu, wala hakuwa na jina la kutaja apone. Jina lilikuwa kwangu. Nilikuwa nimekaa chini hatua sita kutoka pale, nafungua tumbaku, navuta, nazungusha, nabana. Nilifungua fito nne. Sikusema. Fimbo ilipovunjika alikwenda kukata nyingine, na katika ule muda mama aligeuza shingo akanitazama, si kwa kuniomba kitu, ni kunitazama tu, nami nikainamisha uso kwenye majani.

Mtoto hakuweza kunyonya. Alikuwa anashika chuchu, hewa inapita pale penye ufa, maziwa yakiingia yanatokea puani, anapaliwa, anageuka bluu. Mama akawa anamkamulia kwenye kijiko, tone baada ya tone, akimweka wima. Akampa jina peke yake, Ambakisye, bila kusubiri ukoo. Shangazi alikasirika sana kwa hilo, maana mtoto mwenye jina ana kaburi, na asiye na jina anarudi tu alikotoka. Akawa anamwambia mama kwa upole, wifi, usimlazimishe, mtu anayekataa chakula amekwisha kusema anachotaka.

Wiki ile baba alipeleka tumbaku sokoni Chunya mjini. Mama alikwenda kisimani, jua liko kichwani. Shangazi akaniambia mtoto ana joto, nilete maji kwenye bakuli. Nikaleta. Akachovya kitambaa, akakikunja mara mbili, akamwekea usoni, puani na mdomoni, akaweka na kiganja juu yake. Nikadhani anampooza. Nilisimama pale nimeshika bakuli, nikiangalia miguu midogo inapiga, nikafikiri ni maji ya baridi ndiyo anayoyakataa.

Mama aliingia na ndoo kichwani. Hakuitua, aliiacha ianguke. Akashika mpini wa jembe uliokuwa ukutani akampiga nao shangazi kwenye mkono ulioko usoni kwa mtoto, na ule mkono ulitoa sauti ya bua kavu la tumbaku ukilikanyaga. Akampiga tena begani, na tena mgongoni, shangazi anatambaa kuelekea mlangoni anamwita marehemu mama yake. Mama hakuwa amefungwa siku hiyo. Sikuwahi kujua mikono yake ina nguvu kiasi hicho. Alimnyanyua Ambakisye, akamtia kidole kooni, akampuliza puani, mpaka akalia. Kisha akaniambia nivae.

Tuliondoka na lori la tumbaku lililokuwa limesimama njia panda. Dereva wake alikuwa Mkinga, jina lake Sanga. Alipofunuliwa mtoto hakutema mate wala kugeuka. Alisema kule upande wa Iringa kuna hospitali ya misheni, daktari wake anashona midomo kama hiyo kama fundi cherehani anavyoshona kwapa, amewahi kuona kwa macho yake. Akatupeleka mpaka Uyole, akatutafutia lori jingine la mchele linalorudi Chimala, na kutoka Chimala tukapata la tatu. Nilikuwa nimelala juu ya magunia nikihesabu kwamba kila lori tunalopanda, baba naye anaweza kulipanda.

Hospitalini alitupokea Nesi Feliksa, Mhehe mrefu mwenye mwanya. Alitusalimu "Kamwene," na mama akajibu "Ndaga," kila mmoja kwa lugha yake, wakacheka, na hicho kilikuwa kicheko cha kwanza cha mama nilichokisikia tangu uzazi. Walipomuuliza habari za mumewe ili waandike kwenye karatasi, mama alisema mume wake amekufa. Alisema bila kupepesa. Nikamtazama, akanikanyaga mguu.

Daktari, tuliyemwita Dakta Yoakim, alimpima mtoto akatikisa kichwa. Alikuwa mwepesi mno. Akikatwa sasa hataamka. Ni lazima anenepe kwanza, afikie alama fulani kwenye mizani, na hiyo itachukua miezi. Basi ndiyo ikawa maisha yetu. Mama alilima bustani ya hospitali kwa chakula chetu, Nesi Feliksa akamfundisha kumlisha kwa kijiko chenye mdomo mwembamba, na kila Jumatatu Ambakisye anawekwa kwenye mizani anapiga kelele, na sisi wawili tunatazama ule mshale. Na kila lori lililosimama getini kutoka upande wa Mbeya, mama anaacha jembe, anasimama, anatazama nani anashuka. Mshale na lori. Kipi kitatangulia. Nilikuwa nikiota mshale unarudi nyuma.

Dhambi yangu ilinilemea huko. Nilimwambia Nesi Feliksa, nikamwambia sungura ni mimi, nilimpikia mama kwa karanga. Nilitegemea atanipiga. Aliweka chini trei yake akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema yeye kwao Kalenga amekula sungura kwenye mimba zake zote nne, na watoto wake wana midomo ya kumuudhi kwa maneno. Akanipeleka mpaka kwa Dakta Yoakim, naye akanionyesha kwa viganja vyake viwili jinsi uso wa mtoto tumboni unavyotoka pande mbili ukakutana katikati, na wakati mwingine pande hazikutani, basi, hakuna mnyama anayehusika. Nikasema ndiyo. Sikumwamini. Nilikuwa nimekwisha kumsikia akimwambia mtoto mwingine kwamba sindano haiumi.

Mshale ulitangulia. Ambakisye alikuwa na miezi sita, mashavu yamejaa, anacheka kwa ule mdomo wake mpana. Walimchukua asubuhi. Mama alikaa chini kwenye ngazi na kanga mdomoni mpaka walipomrudisha.

Nilitegemea mtoto mwingine, na kwa kweli alikuwa mwingine. Mdomo ulikuwa mmoja. Umevimba, mwekundu, una nyuzi nyeusi zilizosimama kama miguu ya jongoo, lakini ulikuwa mmoja, na juu yake pua. Mama alipiga magoti pale sakafuni. Mimi nikatazama chini kidogo, nikaona mikono. Wameivalisha maboksi magumu kuanzia kwapani mpaka karibu na kifundo, wakayazungushia bandeji, wakafunga. Imenyooka mbele kama ya mtu aliyekufa. Anajaribu kuikunja, haikunjiki, analia bila kufumbua mdomo. Nesi Feliksa aliniambia, "Tumpe, usimwache aguse mdomo," akaenda kwa wagonjwa wengine. Neno kufungwa hakulisema. Hakuna aliyeniambia kwa nini amefungwa. Walidhani naona.

Siku ya pili mchana mama alikwenda kufua nepi nyuma ya jiko, akaniacha nimlinde. Kitanda chetu kilikuwa dirishani. Kulikuwa na lori getini. Na kwenye njia ya changarawe, amevaa koti lake la kijani la sokoni, alikuwa amesimama baba anazungumza na mlinzi.

Sitaki kuwaambia kwamba niliwaza. Mwili ndio uliowaza. Ambakisye amefungwa mikono, na baba anakuja, na nilijua mambo hayo mawili yanafuatana vipi, nimeyaona maisha yangu yote. Nilijua hataweza kuuficha uso wake, ule uso mpya. Mama alichelewa kufunguliwa kila siku. Kila siku nilimfungua baadaye. Safari hii nitawahi. Nikapanda kitandani. Fundo la Nesi Feliksa lilikuwa jepesi kuliko la tumbaku. Nikavuta, likaachia, nikazungusha bandeji kwenye vidole vinne, nikabana. Mkono wa pili vilevile. Nikayachomoa maboksi. Nikamwambia, jikinge.

Akakunja mikono yote miwili, akaipeleka moja kwa moja mdomoni, akashika, akavuta.

Damu ya mtoto mdogo ni nyepesi na ina haraka. Ilijaa mdomoni, ikajaa shingoni, ikanirukia mimi. Alikuwa anapiga kelele na mdomo umefunguka tena, vipande viwili, na uzi mmoja mweusi umening'inia kwenye kidole chake. Nilijaribu kuzishika zile ncha kwa vidole vyangu zikutane. Zinateleza. Nikaruka chini, nikaingia uvunguni.

Kutoka uvunguni niliona viatu vya baba vikifika. Vikasimama. Akainama kitandani, nadhani alimnyanyua, kwa sababu damu ikaanza kudondoka mahali pengine, kwenye viatu vyake. Alikuwa anasema, huyu kafanywa nini, huyu kafanywa nini. Halafu nikaona miguu ya mama mlangoni, miguu mitupu iliyolowa, na beseni la nepi.

Yeye aliona alichokiona. Mume wake, mtoto mikononi mwake, mdomo umechanwa.

Mama hakupiga yowe. Alimpiga kwa beseni kichwani, la bati, na nepi mbichi zikaruka kwenye vitanda vya watu. Akampora mtoto, akamweka kwenye mikono ya Nesi Feliksa aliyekuja mbio, akarudi, akampiga baba kwa ukingo wa lile beseni usoni mpaka likakunjika. Ndipo akasema, kwa sauti ndogo, "Amenichania mtoto." Wakaingia walinzi, wakaingia na ndugu wa wagonjwa waliokuwa wanapika nje. Baba anasema mimi ni mume wake. Nesi mmoja anasema mume wake alikufa, imeandikwa. Hapo ndipo walipomgeukia kwa kweli, maana sasa hakuwa hata baba, alikuwa mtu tu aliyeingia kuua mtoto. Walikata kamba ya kuanikia nguo wakamfunga mikono nyuma. Wakampiga kwa kuni, kwa mateke, kwa mwiko wa ugali. Nilikuwa nimekwisha kutoka uvunguni, nimesimama, damu imeniganda mikononi, na hakuna aliyeniuliza, kwa sababu kila mtu alikuwa na damu.

Waliponyanyua kichwa chake aliniona. Jicho moja lilikuwa limefunga. Akasema, "Si mimi. Tumpe, waambie. Wewe ulikuwepo."

Nilikuwa na neno. Safari hii nilijua pia lingefanya nini. Kama ningelisema wangemfungua, na akishafunguliwa angekuwa mume, aliye hai, mwenye haki ya mke na watoto, na lori lingekuwa bado getini. Nilimtazama kama mama alivyonitazama siku ile ya bani. Nikainamisha uso.

Wakamburuta mpaka barabarani. Alikuja kwa nia gani, kutuchukua kwa nguvu au kuomba radhi, sijui mpaka leo. Hakupewa nafasi ya kusema.

Dakta Yoakim alisubiri uvimbe ushuke, akashona upya. Safari hii nyama ilikuwa imechanika ovyo, hakuna kingo safi za kukutanisha. Ulishika, lakini na kovu nene kama kamba, na tundu moja la pua limevutwa chini. Mama alikaa kitandani siku tano bila kushuka. Siku ya sita alikuwa anakung'uta shuka upande wa ukutani, zikaanguka bandeji mbili. Zimezungushwa vizuri, zimebanwa katikati kama vipepeo.

Aliziokota. Alizitazama muda mrefu sana.

"Baba yako hajawahi kufungua uzi maishani mwake," alisema.

Nikasubiri kipigo. Alinishika vifundo vyote viwili kwa mkono wake mmoja, akavibana mpaka vidole vyangu vikafa ganzi, na uso wake ulikuwa karibu na wangu, nasikia pumzi.

"Aliyefanya hivi alikuwa ni baba yako. Umenielewa, Tumpe?"

"Ndiyo, mama."

Akaniachia. Akaenda jikoni, akazitupa bandeji motoni, akasimama pale mpaka zikaisha.

Hatukurudi Chunya. Mama alipata kazi jikoni hospitalini hapohapo, na mimi nikaishia darasa la nne. Ambakisye alikua. Shuleni walimwita sungura, akawa anawapiga, na baadaye akapata jibu zuri kuliko ngumi: huu mdomo nilizaliwa nao, lakini kovu hili alinipa baba yangu kwa mikono yake. Watoto wakanyamaza kwa heshima. Mama alikuwa akimsikia, mimi nilikuwa nikimsikia. Alipofika miaka ishirini alichukua basi, akaenda Chunya, akamkuta mzee yuko peke yake kwenye lile bani, akampiga. Alirudi kiganja chake kimevimba. Alinisimulia akiwa anakula, alisema mzee alirudiarudia kwamba si yeye, mwongo mpaka uzeeni, na wala hakunyanyua mkono kujikinga. Nikamwongezea mboga. Masika yaliyofuata tukaletewa habari kwamba baba amekufa. Hatukwenda.

Mama naye amekwenda miaka mingi sasa, na alikwenda amefunga mdomo. Ambakisye ana nyumba Uyole, anauza viazi, ni mzee wa kanisa, ana wajukuu. Wiki iliyopita nilikuwa kwake. Alikuwa anamweleza Neema asimwogopee mtoto, makovu hupona, mimi hili langu alinipa baba, na bado nimeishi. Neema akafuta machozi, akasema babu yule alikuwa mnyama. Mimi nilikuwa namenya viazi. Kisu kilikuwa mkononi na viazi vilikuwa vingi, na nilivimenya vyote.

Ambakisye, mdogo wangu, macho yako hayaoni tena herufi, najua Neema ndiye atakayekusomea. Msomee pole pole, Neema, na usiruke hapa. Nyuzi ulizivuta mwenyewe, hukujua, ulikuwa na miezi sita. Mikono yako nilikufungua mimi. Baba alikuwa bado yuko nje, anamuuliza mlinzi wodi ya watoto iko wapi.